Kukata neno refu la Kiingereza: maana kwanza, silabi baadaye

Mwanafunzi wa Tanga akikutana na unforgettable hukimbilia silabi. Aanze na maana. Mwandikie ubaoni isiyosahaulika: si inakanusha, sahau ndio mzizi, lik inaleta uwezekano. Chini yake andika la Kiingereza: un inakanusha, forget ni mzizi, able ni uwezekano. Vipande 3, basi.

Silabi ni hesabu nyingine. Aweke kiganja chini ya kidevu, atamke polepole, ahesabu kidevu kinashuka mara ngapi: un-for-get-ta-ble, mara 5. T zimekuwa mbili kwa sababu get ndiyo yenye mkazo. Wengi huandika moja. Kosa jingine ni letu Waswahili: tunapeleka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho kwa mazoea, na msikilizaji anabaki anashangaa.

Tion ni silabi moja, hutamkwa "shen", si ti-o-ni. Kwa hiyo in-for-ma-tion ina 4, mkazo kwenye ma.

Ukihisi umeona kiambishi, kiondoe utazame kinachobaki. Unhappy inaacha happy, sawa. Uncle inaacha cle, ambayo haina maana yoyote; un hiyo si kiambishi.