Kabla ya Kubadilisha Sili ya Shafti ya Gia Inayovuja

Usinunue sili mpya (pete ya mpira inayozuia oili) ya shafti ya gia, yaani fimbo inayotoka kwenye giaboksi na kusogezwa na mkono wa gia, kabla ya kuhakikisha kwamba ile ya zamani ndiyo inayovuja, kwa kuwa oili inayotoka kwenye sili za draivshafti (shafti zinazozungusha magurudumu), au hata kwenye injini, husambazwa na upepo wa mwendo chini ya giaboksi hadi ikaonekana mahali isipotokea. Osha eneo lote kwa dawa ya kuondoa grisi, liendeshe gari kwa muda, kisha umulike kwa tochi uone unyevu unaanzia wapi. Kagua pia tundu la kupumulia la giaboksi, maana likiziba presha itasukuma oili hata kwenye sili mpya. Halafu ishike shafti uitikise: ikicheza sana, bushi (bomba dogo linaloishikilia) imelika na sili peke yake haitadumu.

Kwa maoni yangu, kinachochelewesha kazi hii ni roli pini (pini ya chuma inayogongewa tunduni) inayofunga linki, yaani kiungo kinachotoka kwenye mkono wa gia, kwenye shafti. Mara nyingi imeshika kutu, na nafasi ya kupiga nyundo ni finyu. Ipulizie dawa ya kulegeza kutu tangu usiku, na uwe na panchi (chuma cha kugongea pini itoke) nyembamba kidogo kuliko pini yenyewe. Msumari haufai: pini hiyo ina uwazi katikati, kwa hiyo ncha huingia ndani na kuitanua, ikazidi kukaza. Uwe na pini mpya, na weka alama ya mkao wa linki kabla ya kuifungua.

Sehemu ya shafti iliyo nje isuguliwe kwa msasa laini, kwani kutu ndiyo itakayochana mdomo wa sili mpya ukiipitisha hapo. Wakati wa kuing'oa ya zamani, bisibisi isiguse shafti hata kidogo; mkwaruzo mmoja wa urefu unatosha kuwa njia ya oili.

Linganisha vipimo vilivyochapwa kwenye sili, kisha tafuta soketi inayokaa juu ya ukingo wake wa nje, ya kuigongea ndani huku upande wenye springi ukielekea kwenye oili. Kitabu cha gari kikitaka oili ya giaboksi ya daraja la GL-4, usiweke GL-5 kwa kudhani ni bora zaidi, kwa sababu baadhi ya aina zake hula vikuku vya shaba vya sinkronaiza (sehemu inayofanya gia ziingie kwa ulaini).

Gari likae sawasawa juu ya stendi imara, si jeki peke yake. Nati ya kujazia ifunguliwe kabla ya ile ya kumwagia, kwani ikigoma baada ya oili kumwagwa, gari halitaondoka hapo.