Namna ya Kutengeneza Chapa za Sanaa za Mimea ya Asili Inayotoa Maua

Chapa ya mmea iliyotundikwa ukutani hutazamwa na watu wa aina mbili: yupo anayevutiwa na rangi akiwa mbali, na yupo anayesogea karibu akaanza kuhesabu stameni, yaani viungo vya kiume vya ua. Wa kwanza si vigumu kumridhisha. Mwongozo huu umeandikwa kwa kumfikiria yule wa pili. Njia inayoelezwa hapa ni ya kuchora mmea hai kwa penseli na rangi za maji, kisha kuuskani mchoro huo na kuuchapa kwa printa kwenye karatasi ya pamba. Zipo njia nyingine, kama kuchonga linoleo, au ile ya picha za buluu ambayo Anna Atkins aliitumia kuanzia mwaka 1843 kuonyesha mwani, lakini njia hiyo ya pili hutoa kivuli cha umbo tu na haiwezi kuonyesha kilichomo ndani ya ua.

Kuchagua mmea

Anza na mmea unaoota wenyewe porini, wala si ule wa bustanini, hata kama yote miwili inaitwa kwa jina moja. Maua mengi ya bustani yamezalishwa kwa vizazi vingi ili yawe na petali nyingi, na mara nyingi petali hizo za ziada ni stameni zilizobadilika umbo. Ukichora ua la namna hiyo na kuandika chini yake jina la spishi ya porini, utakuwa umechora kitu ambacho hakipo porini.

Mmea ukiwa adimu au ukilindwa na sheria, usiuchume. Uchore pale pale ulipo. Okidi, pamoja na karibu jamii yote ya shubiri, zimo katika orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, na nchi nyingi zina sheria zao zaidi ya hapo. Kwa sababu hiyo hiyo, mahali hasa ulipouona mmea adimu paandike katika daftari lako peke yake. Katika chapa yenyewe jina la eneo kubwa linatosha, kwa kuwa wakusanyaji wasio waaminifu nao husoma maandishi ya chini ya picha.

Jina la kisayansi lihakikishwe kabla ya kuchora, kwa kulinganisha mmea wako na maelezo ya vitabu vya mimea ya eneo husika au na sampuli kavu zilizohifadhiwa katika hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa kwa ajili ya utafiti. Kumbuka pia kwamba majina hubadilika. Ua dogo la zambarau la milima ya Usambara, lililopewa jina Saintpaulia ionantha mwaka 1893, lilihamishiwa katika jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) ya Streptocarpus mwaka 2015, na chapa za zamani zenye jina la kwanza bado zinaeleweka. Andika jina linalokubalika sasa pamoja na mwaka uliochora, nawe utakuwa umejilinda.

Kutazama na kuchora

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo wengi wanapoharakisha. Tuchukue mfano wa Gloriosa superba, mmea unaotambaa na kupanda juu ya vichaka katika sehemu nyingi za Afrika na Asia zenye joto. Kwa mbali ni mwali wa njano na nyekundu. Ukiusogelea, utaona kwamba ua lenyewe limeinamia chini, ilhali tepali zake sita (sehemu zinazofanana na petali), zenye kingo zilizojikunja kama mawimbi, zimepinda kurudi nyuma mpaka zikaelekea juu. Stameni sita zimetanda pande zote kama vijiti vya mwavuli uliochanika. Shina la pistili, kiungo cha kike cha ua, ndilo la ajabu kuliko yote, kwani hupinda karibu na ovari, sehemu inayobeba mbegu changa, kwa pembe inayokaribia mraba, likatoka nje kwa upande mmoja tu. Ncha za majani nazo hurefuka kuwa vikono vya kujishikiza. Mchoraji anayefuata picha aliyoipata mahali huiona pembe ile ya pistili kuwa kasoro na kuinyoosha, na wanaonakili kazi yake huinakili pamoja na kosa lake. (Mmea huu una sumu kali katika sehemu zake zote, hasa kiazi chake, vaa glavu na unawe mikono.)

Kwa hiyo pima kabla ya kuchora. Tumia bikari kuchukua urefu wa tepali, wa kikonyo na wa jani, na uhamishe vipimo hivyo moja kwa moja kwenye karatasi. Hesabu sehemu za maua matatu au manne, si la moja, kwa kuwa ua moja linaweza kuwa na hitilafu. Angalia jinsi majani yalivyopangwa kwenye shina, kama yanapishana, yanaelekeana au yanazunguka shina. Kisha, ikiwa una ua la ziada, lipasue kwa wembe kutoka juu hadi chini, lilaze juu ya karatasi nyeusi, na ulichore pembeni likiwa wazi.

Rangi ya ua haikungoji. Tepali za Gloriosa huzidi kuwa nyekundu kadiri ua linavyozeeka, na maua mengine hupauka kabla ya jioni. Katika saa ya kwanza, kabla hata ya mchoro kukamilika, changanya rangi na uzipake katika ukanda mwembamba wa karatasi ile ile utakayochorea, ukiandika kando ya kila rangi ni ya sehemu gani. Ukanda huo utauhitaji tena mbele, kwa hiyo usiutupe.

Tumia karatasi laini ya pamba isiyo na asidi, na mwanga utoke juu kushoto, kama ilivyo desturi ya wachoraji wa mimea. Maua meupe yana shida yake: usiyazungushie mstari mzito, bali yatenge na weupe wa karatasi kwa kivuli chepesi sana cha kijivu chenye ukijani, au uyaweke mbele ya jani ili jani liyatoe. Kagua pia namba za chembe za rangi zilizoandikwa kwenye tyubu. Rangi yenye namba PR83, nyekundu inayopendwa sana, hufifia kwenye mwanga. Mtu anaweza kusema haina neno kwa kuwa kinachouzwa ni chapa, lakini mchoro wa asili ndio utakaourudia ukitaka kuchapa upya.

Jambo moja dogo nililijifunza kwa aibu. Niliwahi kuchora ovari iliyokuzwa na kuandika kando yake “mara 4”, kisha mteja akaomba chapa yenye ukubwa maradufu. Nilimchapia nakala zote bila kufikiri, na katika kila moja maandishi yale yakawa uongo. Tangu hapo nachora mstari mfupi wa skeli, tuseme wa milimita 5, kando ya kila sehemu iliyokuzwa. Chapa ikikua, mstari nao unakua, na ukweli unabaki pale pale.

Kutoka mchoro hadi faili

Mchoro wa A4 ulioskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi hutoa pikseli 4960 kwa 7016. Idadi hiyo inatosha kuchapa A2 kwa nukta 300 kwa inchi, kiwango ambacho jicho haliwezi kulalamikia. Hifadhi faili kama TIFF, aina ya faili ya picha isiyopoteza ubora, na uzime kila marekebisho ya moja kwa moja ya skena, hasa yale ya kunoa kingo.

Hatari kubwa ni tamaa ya kuifanya karatasi iwe nyeupe kabisa kwa kubofya mara moja. Vivuli vyepesi ulivyotumia siku nzima kuvipaka hupotea pamoja na madoa ya karatasi, na ua jeupe hubaki tundu. Safisha mandharinyuma polepole, ukirudi kila mara kwenye kingo za petali kwa ukuzaji wa asilimia 100. Skrini iwe imesawazishwa kwa kifaa maalumu, na faili ichapwe kwa profaili ya rangi (faili inayoeleza jinsi rangi zitakavyotoka) inayolingana na printa na karatasi uliyochagua.

Kabla ya kuchapa nakala yoyote ya kuuza, chapa kipande kidogo cha majaribio na ukilinganishe na ule ukanda wa rangi wa saa ya kwanza, karibu na dirisha mchana, kwa sababu rangi mbili zinazofanana chini ya balbu zinaweza kutofautiana kwenye mwanga wa jua. Zambarau na buluu ndizo husumbua zaidi. Jaribio la tatu au la nne si ajabu.

Karatasi, wino na sahihi

Chagua karatasi ya pamba ya gramu 300 hivi kwa mita ya mraba, isiyo na asidi wala kemikali za kung’arisha, kwani karatasi iliyong’arishwa hupoteza weupe wake kadiri miaka inavyopita. Wino uwe wa chembe za rangi, si ule wa rangi zilizoyeyushwa, ambao kwa kawaida hufifia mapema zaidi.

Ukiamua kuchapa idadi maalumu, iamue kabla ya nakala ya kwanza na usiizidishe. Kwa penseli, chini ya picha, andika namba upande wa kushoto, kwa mfano 5/30 (nakala ya tano kati ya thelathini), jina la mmea katikati, na sahihi upande wa kulia. Nakala itakayowekwa kwenye fremu isiguse kioo. Ipakane na kadi isiyo na asidi iliyokatwa dirisha, ili unyevu usiigandishe. Zilizobaki zilazwe bapa ndani ya bahasha zisizo na asidi, pamoja na ule ukanda wa rangi na karatasi ya vipimo, ambavyo utavihitaji siku msomaji atakapokuuliza kwa nini pistili ya ua lako imepinda.