Kisanduku cha barua getini kimeliwa na kutu? Usikitupe

Jamani wa Shangani, Mikindani na kote huku Mtwara karibu na bahari, vile visanduku vya chuma tunavyoning'iniza getini vya kuwekewa bili na kadi za michango ya harusi, chumvi inavimaliza kweli, changu kilikuwa kishageuka rangi ya matofali nikakirudisha kikawa safi kabisa.

Kitu ambacho wengi wanaruka ni kuosha, mtu anakwangua kutu anapaka rangi hapohapo na chumvi bado imo, miezi michache tu rangi inaanza kuvimba na kubanduka. Kwahiyo osha kwanza na maji ya bomba na sabuni, sio ya kisima chenye chumvi, suuza vizuri, kaushia juani. Ndo uingie na brashi ya waya halafu msasa, namba 80 kwanza kisha 120, na ufunge barakoa maana lile vumbi sio zuri. Bawaba zikigoma loweka kitambaa kwenye siki zungushia usiku kucha, asubuhi sugua suuza ukaushe.

Kisha paka redoksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ikikauka paka mikono miwili myepesi ya rangi ya mafuta, usipake nzito itachuruzika. Paka saa nne hivi umande ukiwa umekauka, na fanya kiangazi hiki, Juni mpaka Oktoba, kabla mvua hazijaanza.

Halafu toboa katundu kadogo chini maji yatoke, na kenyewe kapake rangi pembeni.