Postikadi za picha za kale za Kisumu: jinsi ya kutambua halisi

Nunua kwanza lenzi ya kukuza mara 10, kabla hujanunua postikadi yoyote. Ielekeze kwenye uso wa mtu au mlingoti wa meli. Ukiona vitone vilivyojipanga safu safu, hiyo imepigwa chapa. Picha iliyosafishwa kwenye chumba cha giza haina vitone. Kisha iinamishe dirishani: mng'ao wa kifedha kwenye sehemu nyeusi, hasa pembeni, hutokea madini ya fedha yaliyo ndani ya karatasi ya picha yanapopanda juu kwa miaka mingi. Ni vigumu kuuiga.

Mgongo ndio unaosema zaidi. Uingereza iliruhusu mgongo wenye mstari wa kati, ujumbe upande mmoja na anwani upande wa pili, mwaka 1902, Marekani 1907. Karatasi ya AZO (aina ya karatasi ya picha) yenye pembetatu nne zinazotazama juu kwenye kisanduku cha stempu ni ya takriban 1904 hadi 1918. Mbili zikitazama chini, 1918 hadi 1930. Maandishi "Port Florence" huongeza bei, kwani ndilo jina la kituo cha Kisumu reli ilipofika mwaka 1901. Lakini muhuri wa posta huonyesha siku ya kutumwa tu. Picha yaweza kuwa ya miaka mingi nyuma.

Usiilaminishe kamwe, wala usibandike selotepu. Mifuko ya plastiki ya PVC hutoa kemikali na kunata kwenye picha, basi tafuta ya poliesta. Unyevu wa ziwani huleta ukungu: weka boksi kabatini, mbali na sakafu, pamoja na vipakiti vya silika vinavyofyonza unyevu. Maelezo yaandikwe kwa penseli laini, nyuma.