Jinsi ya kupima usumaku wa kampaundi za ardhi adimu zenye valensi mseto kwa mtawanyo wa nyutroni

Katika kampaundi kama CePd₃, YbAl₃ na SmB₆, elektroni za obiti ya 4f hazitulii: mara ziko ndani ya atomu, mara mojawapo imechanganyika na elektroni zinazopitisha umeme, na ndiyo maana wastani wa valensi, yaani idadi ya elektroni ambazo atomu imeziachia, hautoki namba kamili. Nyutroni haina chaji lakini ina usumaku wake, hivyo hupenya ndani kabisa ya sampuli na kuonyesha jinsi momenti ya sumaku ya 4f, yaani nguvu na mwelekeo wa usumaku wake, inavyobadilika. Kinachotafutwa hasa ni upana wa spektra ya kisumaku, yaani mchoro wa nyutroni zilizotawanywa na usumaku kwa kila kiasi cha nishati, kwa kuwa ndio unaoeleza momenti hiyo hudumu kwa muda gani kabla ya kupotea. Upana wa milielektrovolti 20 ni sawa na muda wa takriban sekunde 3×10⁻¹⁴, na ukigeuzwa kuwa halijoto ni kama kelvini 230.

Kazi huanzia kwenye jedwali la ufyonzaji wa nyutroni, wala si kwenye spektromita. Seriamu haina shida, kwa sababu hufyonza barni 0.6 tu (barni ni kipimo cha uwezekano wa kiini cha atomu kunasa nyutroni). Iterbiamu, yenye barni 35 hivi, inavumilika. Samariamu na yuropiamu za kawaida ndizo zinazoharibu jaribio, kila moja ikiwa na maelfu ya barni, na boroni ya kawaida huongeza 767 kwa kila atomu. Chukua SmB₆ ya kawaida: bamba lenye unene wa nusu milimita tu huruhusu chini ya nyutroni 1 kati ya 1,000 za joto la kawaida kupita. Ukitumia isotopu za ¹⁵⁴Sm (samariamu) na ¹¹B (boroni), ambazo hufyonza kidogo, bamba hilo hilo huwa karibu angavu kabisa. Hata hivyo, dai cheti cha usafi wa isotopu hizo, maana ¹⁴⁹Sm, yenye takriban barni 40,000, huonekana hata ikibaki kidogo mno.

Kabla ya kwenda kwenye kinu cha nyutroni, pima wepesi wa sampuli kusumakika kuanzia halijoto ya chumba hadi kelvini chache. Mstari ukipanda ghafla karibu na kelvini sifuri, mara nyingi chanzo ni oksidi au atomu zilizokaa vibaya zenye momenti thabiti, na takataka hizo zitaleta kilele chembamba ambacho ni rahisi kukidhania kuwa ugunduzi. Usitumie gundi wala grisi yenye hidrojeni kushikiza sampuli, kwani hidrojeni hutawanya nyutroni kuliko karibu kila kitu kingine kilichomo. Karatasi ya alumini inatosha.

Tumia spektromita ya kupima muda wa safari ya nyutroni, na chagua nishati ya kuingia angalau mbili: ndogo, kama milielektrovolti 20, kwa ajili ya sehemu ya spektra iliyo karibu na nishati sifuri, na kubwa, 120 au zaidi, kwa sababu CePd₃ ikiwa baridi kilele chake cha kisumaku hufika kati ya 50 na 60. Pima pia kopo tupu, vanadiamu kwa ajili ya kusawazisha vipimo, na sampuli ya LaPd₃, ambayo haina elektroni ya 4f.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mitetemo ya atomu nayo hutawanya nyutroni, na kishawishi ni kuitoa kwa kupunguza spektra ya LaPd₃ moja kwa moja kutoka ile ya CePd₃. Lakini urefu wa mtawanyo wa lanthanamu ni femtomita 8.24 na wa seriamu ni 4.84, kwa hiyo kiini cha lanthanamu hutawanya karibu mara tatu zaidi, nawe utajikuta umeondoa hata usumaku uliokuwa ukiutafuta. Njia salama hutumia tofauti ya pembe: mtawanyo wa mitetemo huongezeka pembe inapokuwa kubwa, ilhali wa kisumaku hufifia. Tafuta kwanza, katika LaPd₃, uwiano kati ya spektra ya pembe ndogo na ya pembe kubwa kwa kila nishati. Kisha zidisha spektra ya pembe kubwa ya CePd₃ kwa uwiano huo, na uiondoe kwenye ile ya pembe ndogo. Kwa kuwa usumaku kidogo hubaki hata kwenye pembe kubwa, sahihisha kwa kutumia kipengele cha umbo cha 4f, kinachoeleza jinsi mtawanyo wa kisumaku unavyofifia pembe inapokua, la sivyo utapata nguvu pungufu.

Kinachobaki kilinganishe na mkunjo wa Lorentz, yaani umbo la kilele chenye mikia mirefu, uliozidishwa kwa kipengele cha halijoto. Momenti thabiti hutoa mstari mwembamba unaopanuka kadiri halijoto inavyopanda. Valensi mseto hutoa mstari mpana unaobadilika kidogo tu. SmB₆ ina tabia ya pekee: ikiwa baridi huonyesha kilele chembamba karibu na milielektrovolti 14, ambacho hufifia inapopashwa joto.

Mwisho, jumlisha nguvu yote ya kisumaku, kila sehemu ikigawanywa kwa nishati yake, upate wepesi wa kusumakika, kisha ulinganishe na ule uliopima kwa magnetomita. Namba ya nyutroni ikiwa ndogo zaidi, ama nishati ya kuingia haikufika juu ya kutosha, ama umeondoa mitetemo kupita kiasi. Rudi kwanza kwenye uwiano wa pembe.