Usisaini fomu ya bima kabla hujaona bei: namna ya kutumia bima ya ofisi hapa Dar

Bima ya ofisini wengi tunaichukulia kama ya bure, unafika mapokezi unatoa kadi, unapimwa, unapewa dawa, unasaini, unapanda daladala lako la Mbezi na hujui hata bili imekuja shilingi ngapi. Hiyo hela ni yako jamani. Inakatwa kwenye limiti yako, na mwaka ukiisha kampuni ya bima inaangalia matumizi ya ofisi nzima ndo inampangia bosi bei mpya, ikipanda sana anapunguza mafao.

Anza na HR. Muombe karatasi ya mafao yenyewe, ile yenye limiti ya OPD (matibabu ya kwenda na kurudi bila kulazwa), ya kulazwa, uzazi, meno na macho, pamoja na vitu ambavyo bima hailipi. Muulize kipi kinataka kibali kwanza (MRI na upasuaji mara nyingi vinataka), na listi ya hospitali ya mwaka huu maana zinabadilika. Machi 2024 si mnakumbuka, NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, walileta kitita kipya cha bei na hospitali binafsi kadhaa zikasitisha kupokea kadi zao.

Hospitali uliza kabla hujapima. Dirisha la bima mwambie tu, "Samahani dada, hivi vipimo kwa bima yangu vinakuja shilingi ngapi?" Usione aibu. Uliza na bei ya keshi, kuna sehemu hazifanani kabisa, ukikuta ya bima iko juu sana andika umpelekee HR. Marekani tangu 1 Januari 2021 hospitali zinatakiwa kisheria kuweka bei mtandaoni, na tangu 1 Julai 2022 hata mipango ya afya ya waajiri inatakiwa kuweka wazi bei walizokubaliana na hospitali. Huku kwetu bei za bima za ofisini mgonjwa hazioni mpaka aulize, kwa hiyo uliza.

Sasa kwenye kusaini naomba unisikilize vizuri. Kuna wanaokupa fomu usaini mapemaa, tupu, hata daktari hujamuona. Kataa kwa upole, sema nitasaini nikimaliza. Ukimaliza isome mstari kwa mstari, vipimo ulivyofanyiwa kweli, dawa ulizobeba mkononi na idadi yake, na kama dawa haikuwepo ukaambiwa ukanunue nje hakikisha imefutwa, halafu piga picha kwa simu. Tuseme limiti yako ya OPD ni milioni moja kwa mwaka, kila ukienda inaandikwa dawa ya elfu arobaini ambayo hukupewa, ukienda mara tano laki mbili imeyeyuka, mtoto akiumwa Novemba unaambiwa limiti imeisha lipa mwenyewe. Na wazazi uliowaweka kwenye kava wafundishe hivyohivyo, wao ndo wanasainishwa kirahisi zaidi.

Kila baada ya miezi kadhaa omba stetimenti ya matumizi ulinganishe na zile picha. Usichokielewa waandikie bima imeili, usiishie kupiga simu. Kama ni bima binafsi na wanakuzungusha, peleka malalamiko TIRA (mamlaka inayosimamia kampuni za bima) au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ukiwa na picha na imeili zako.

Ila mgonjwa akiwa na hali mbaya achana na mambo ya bei, atibiwe kwanza, bili mtaikagua akishatulia.