Somo: Andiko la ruzuku la kuwaingiza vijana kazini

Wapendwa wanaasasi, nimesoma maandiko mengi ya wenzetu kabla hayajatumwa, na kasoro ni ileile. Shida ya vijana inaelezwa kurasa tatu, ajira yenyewe inapewa mistari miwili. Mfadhili anajua kwamba shida ipo. Anachotaka kuona ni njia atakayopita kijana mpaka afike kazini, na jinsi mtakavyojua kama bado yupo.

Hatua ya 1: Nyaraka. Cheti cha usajili chini ya Sheria ya NGOs (mashirika yasiyo ya kiserikali) ya Tanzania ya 2002, ripoti za mwaka mlizopeleka kwa Msajili wa NGOs, TIN (namba ya mlipakodi), hesabu zilizokaguliwa. Akaunti ya benki iwe ya asasi, si ya mwenyekiti.

Hatua ya 2: Nendeni kwa waajiri kwanza. Hapa ndipo andiko linapozaliwa. Sisi tulitaka kufundisha vijana 30 ushonaji kwa sababu vyerehani tulikuwa navyo. Tulipozunguka mtaani tukakuta mafundi cherehani wenyewe wanalia kukosa wateja, huku wenye maduka ya samaki na nyumba za wageni wakitafuta fundi wa majokofu na viyoyozi. Tukabadilisha mradi wote. Muulizeni kila mwajiri: mara ya mwisho uliajiri lini? Aliyeondoka aliondoka kwa nini? Ungempokea kijana wa mazoezi kwa miezi mingapi? Kisha ombeni barua inayotaja idadi. "Tutapokea vijana 4" ina uzito kuliko "tunaunga mkono juhudi hizi".

Hatua ya 3: Bajeti iseme ukweli kuhusu nauli. Kijana wa familia masikini haachi mafunzo kwa uvivu. Anaacha kwa sababu leo hana nauli na nyumbani hawajala. Naumia sana ninapoona kipengele hiki kimefutwa ili bajeti ionekane ndogo. Kikokotoeni wazi: vijana 40, siku 60, shilingi 2,400 kwa siku, jumla 5,760,000. Wekeni pia mchango wa mwajiri NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) kwa watumishi wa mradi. Wengi huusahau, halafu unakuja kulipwa kutoka mfukoni mwa asasi.

Hatua ya 4: Ufuatiliaji. Andikeni nani atampigia kijana simu mwezi wa 1, wa 3 na wa 6 baada ya mafunzo. Chukueni na namba ya mama au ndugu, maana vijana hubadilisha laini. Ahidini idadi mnayoweza kuifikia.

Hatua ya 5: Tumeni siku mbili kabla ya mwisho. Mtandao hauna huruma saa ya mwisho.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Asasi yetu ina mwaka mmoja, hatujawahi kukaguliwa hesabu. Tusubiri?
Marahaba. Msisubiri. Tafuteni asasi kubwa iliyo wilayani kwenu muombe nayo kwa ubia, ninyi mkisimamia kata moja. Wakati huohuo tunzeni kila risiti, ukaguzi wa kwanza usiwakute mikono mitupu.

Dada, je, tunaweza kuomba ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa vikundi?
Hapana, kaka. Ile ni mikopo isiyo na riba kwa vikundi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Lakini vijana wenu wakihitimu wanaweza kuunda kikundi na kwenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Andikeni hilo katika andiko, linaonyesha mmefikiria wasioajiriwa.

Tumepata barua ya kukataliwa, haina sababu. Tufanyeje?
Poleni sana. Jibuni kwa heshima, shukuruni, ombeni maoni ya waliosoma andiko lenu. Wengine watanyamaza. Wakijibu, hata sentensi moja, anzeni nayo mnapoandika tena. Na wale waajiri walioandika barua, wapigieni simu leo; kuna mmoja anaweza kumpokea kijana hata kabla ruzuku haijaja.